Gia ya Tano ya Hosiana

Hosiana alinunua gari lake kwa faida ya vitenge, na mumewe alimbishia mpaka dakika ya mwisho. Walikuwa wamekwenda Songwa kwenye mnada wa magari chakavu kwa sababu Donatus alitaka fremu ya pikapu. Donatus alikuwa fundi wa giaboksi pale Nyasubi, Kahama, na kila kitu alichokiona mnadani kwake kilikuwa spea tu. Mkewe akasimama mbele ya Celica nyekundu ya miaka ya sabini. Ilikuwa na milango miwili, boneti iliyopauka kwa jua, na kiti cha nyuma ambacho kingemtosha paka tu.

"Hili," akasema.

"Mama Mageni, hili ni gari la watu wa mashindano. Utabebea nini?"

"Vitenge."

"Marobota ya vitenge kwenye kigari hiki?"

"Vitenge havina mifupa, Baba Mageni. Vinakunjika."

Na kweli vilikunjika. Kwa miaka mingi watu wa Isaka, wa Tinde, na hata wa Katoro kule Geita walizoea kuliona gari jekundu la chini chini likiingia sokoni limejaa vitenge hadi vioo havionyeshi ndani. Mlango ukifunguka, anatoka mama mrefu wa Kisukuma, mguu mmoja kwanza, halafu kiwiko, halafu kicheko. Wachimbaji wa dhahabu waliopata mawe mazuri walimngojea. Hawakutaka kurudi nyumbani kwa wake zao mikono mitupu, na Hosiana alijua kila mmoja mkewe anapenda rangi gani.

Donatus alimfundisha kuendesha katika gari hilohilo. Lilikuwa na gia nne. Springi ya liva ya gia ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo ili kupata gia ya tatu ilibidi uisukume liva kulia kabisa mpaka igonge, ndipo uipeleke mbele. Ya nne uliivuta nyuma hukohuko kulia. Mtu mwingine angehangaika. Hosiana alifanya hivyo kwa kiganja huku anatafuna karanga, anasimulia habari za sokoni, wala haangalii chini. Donatus, ambaye alikuwa ameendesha magari ya kila namna, alipenda kukaa pembeni na kuutazama mkono ule. Hakuwahi kumwambia.

Kilichomkera Hosiana ni lami ya Tinde. Barabara imenyooka, gari liko gia ya nne, na injini bado inapiga kelele kutaka kupumzishwa.

"Gari linalia, Baba Mageni. Litafutie gia ya tano."

"Nitalitafutia."

"Lini?"

"Wateja wakipungua."

Wateja hawakupungua. Malori yalikuja, mabasi yalikuja, pikapu za wenye migodi zilikuja na giaboksi zilizosagika kwa mizigo. Gari la mkewe lilitembea, na gari linalotembea kwa fundi huwa ni la mwisho kuguswa. Yale maneno ya gia ya tano yakawa utani wao wa nyumbani. Chakula kikichelewa, Donatus akiuliza, Hosiana alimjibu kwamba kitaiva siku moja na gia ya tano.

Ugonjwa ulianza kama uchovu. Hosiana alimwita binti yao Mageni kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, wakacheka. Akatia chumvi kwenye chai, wakacheka kidogo. Halafu siku moja akaenda sokoni Nyasubi, mahali ambapo alikuwa anapita tangu ujana, na watu wakamkuta ameketi mlangoni pa mashine ya kusaga, kikapu magotini, akisubiri apite mtu wa kumwambia nyumbani kwake ni wapi. Siku ile hakuna aliyecheka.

Daktari wa Mwanza alikuwa mpole. Alimwambia Donatus, wakiwa wawili tu kwenye korido, kwamba ubongo wa mkewe unazimika polepole na dawa ya kuuwasha hakuna. Angesahau majina, angesahau njia, na mwisho angesahau watu.

"Ila vile alivyozoea kufanya kwa mikono," daktari akasema, "huwa vinachelewa kuondoka. Kama kuna kazi anaipenda, mwache aifanye, ukiwa karibu naye."

"Anapenda kuendesha gari."

Daktari akatikisa kichwa. "Barabarani, hapana. Kabisa."

Basi Donatus akatafuta mahali pasipo na watu. Nje ya mji kulikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, iliyofungwa miaka mingi, na nyuma yake barabara ndefu ya changarawe ambayo hata mbuzi walikuwa wameisahau. Kila Jumapili baada ya kutoka kanisani alimpeleka pale, wakabadilishana viti, akampa ufunguo.

Mle ndani ya gari Hosiana alirudi. Donatus hakuwa na namna nyingine ya kulieleza jambo hilo alipomsimulia Mageni kwa simu. Yule mama aliyeshindwa kufunga vifungo vya blauzi asubuhi alikaa kwenye kiti, akavuta kioo, akakanyaga klachi, na mkono wake ukaanza kazi. Moja. Mbili. Kulia mpaka igonge, mbele. Kulia, nyuma. Vumbi likapanda, na yeye akaanza kuongea kama zamani, habari za mama fulani wa Isaka aliyetaka kurudisha kitenge baada ya kukivaa harusini. Alimwita Donatus kwa jina lake. Alimkumbuka mama yake Donatus, na jinsi alivyokuwa anasonga ugali. Wakifika mwisho wa barabara na kuzima injini, mambo hayo yalianza kumtoka tena, lakini kwa muda ule alikuwa ni yeye.

Donatus akaishi kwa ajili ya Jumapili. Siku nyingine sita alizipitisha tu.

Ilikuwa katika Jumapili mojawapo ya hizo, wakiwa wanakimbia kwenye changarawe, Hosiana alipogeuka akamtazama na kusema waziwazi, "Gari linalia, Baba Mageni. Si ulisema utalitafutia gia ya tano?"

Asubuhi ileile mkewe alikuwa amemuuliza mara kadhaa kama wamekunywa chai. Hakukumbuka chai, lakini hili alikuwa amelishika.

"Nitalitafutia," akasema. "Safari hii kweli."

Kesho yake aliwarudisha wateja. Akamwendea Selestine, muuza spea na vyuma chakavu, akapekua lundo zima mpaka akapata giaboksi ya gia tano iliyotoka kwenye Hilux ya zamani. Aliibeba kwa guta la magurudumu matatu hadi gereji kama anabeba mgonjwa. Akaifungua yote. Akabadilisha beringi, akabadilisha sili za kuzuia oili, akatia springi mpya kwenye liva, akasafisha kila jino la gia kwa petroli na mswaki.

Kazi ya kuiingiza haikuwa ndogo. Giaboksi hii ilikuwa ndefu kuliko ile ya mwanzo, kwa hiyo alihamisha daraja la kuibebea, akakata propela, ile shafti ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, na kuifupisha, akatafuta fundi wa kuchomelea ambaye mkono wake hautetemeki. Liva nayo ilichomoza nyuma zaidi, ikabidi atoboe sakafu mahali pengine na kuziba tundu la zamani kwa bati. Sahani ya klachi aliweka mpya, laini, ili mguu wa mkewe usichoke.

Mageni alikuja kutoka Geita kumwangalia mama yake siku hizo. Jioni moja alimletea baba yake chakula gereji, akamkuta amelala chali chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Baba, miaka yote hii. Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ameomba," sauti ikatoka chini.

"Alikuwa anaomba tangu mimi niko shule."

Miguu ikatulia. "Najua," Donatus akasema. "Ndiyo maana."

Selestine naye alipita kuona kazi. Akaipiga teke dogo giaboksi ya zamani iliyokuwa imelala ukutani, ikivuja oili nyeusi. "Na hii nzee?"

"Chukua," Donatus akamwambia. "Nimemaliza nayo."

Kazi ilipoisha alilijaribu gari peke yake kwenye lami ya Tinde. Alipita Isaka, akapanda hadi gia ya nne, akasikia injini inalalamika kama ilivyolalamika miaka yote, akakanyaga klachi, akapeleka liva kulia na mbele. Kelele ikashuka. Gari likaendelea kwa mwendo uleule, lakini sasa kwa pumzi ya chini, na upepo ukasikika dirishani. Donatus alisimamisha gari kando, akaweka paji la uso kwenye usukani na kulia kwa furaha, mtu mzima. Aliona tayari uso wa mkewe. Aliona atakavyompakia siku moja hadi Tinde kwa Rhoda, dada mwingine wa Hosiana, yeye Donatus akiwa dereva, kisha Jumapili kule jineri amwachie aonje mwenyewe.

Jumapili ilipofika, Mageni alimvika mama yake kitenge cha kutokea na kilemba chake. Walikwenda watatu. Kwenye changarawe Donatus alimpisha mkewe, akampa ufunguo, akakaa pembeni akitabasamu kama bwana harusi.

Hosiana akawasha. Akapeleka mkono mahali liva ilipokuwa siku zote, mkono ukashika hewa. Akatazama chini. Donatus hakuwahi kumwona akitazama chini.

"Iko hapa, mama," akamwelekeza. "Imerudi nyuma kidogo tu."

Akaishika. Akapata moja. Gari likaondoka vizuri. Mbili, vizuri. Donatus akageuka kumkonyeza Mageni. Kisha Hosiana akakanyaga klachi, na mkono wake ukafanya ulichokifanya maisha yake yote: kulia mpaka igonge, mbele.

Lakini kulia kabisa, mbele, sasa haikuwa ya tatu. Ilikuwa ya tano.

Gari likatikisika, injini ikakoroma, ikataka kufa. Hosiana akashtuka, akajua amekosea, akafanya kile ambacho mkono ulimwambia kinafuata: kulia, nyuma. Pale sasa palikuwa na riversi, gia ya kurudi nyuma. Chuma kilisaga chuma kwa sauti ambayo Donatus aliisikia kwenye meno. Gari likaruka, likazima katikati ya barabara, na vumbi lao wenyewe likawakuta na kuwafunika.

Donatus, fundi wa giaboksi, mtu aliyeuangalia mkono ule miaka na miaka, alikuwa ameketi na kuelewa. Alikuwa amepima propela, amepima daraja, amepima tundu la sakafu. Mkono hakuupima.

"Si kitu," akasema. "Tuanze tena. Ya tatu sasa iko katikati. Usisukume kulia. Iachie tu, itakwenda yenyewe."

Hosiana alijaribu. Alijaribu kama mtoto anayetaka kumfurahisha mwalimu. Kila mara mkono ulikwenda kulia mpaka mwisho, kila mara gari likakoroma na kuzima, na kila mara alikuwa amekwisha kusahau aliyoambiwa. Jasho likamtoka chini ya kilemba. Mwisho akaiachia liva na kuviweka viganja vyake magotini, akavitazama.

"Hili si gari langu," akasema.

"Ni lako, Mama Mageni. Ni lile lile. Nimeweka gia ya tano. Uliomba."

Akamgeukia. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyedhulumiwa na anayejikaza kuwa na adabu. "Fundi, tafadhali niitie mume wangu. Yeye ndiye analijua gari langu. Ninyi mmeliharibu."

Akiwa amejikunja kwenye kiti cha nyuma, Mageni alijifunika uso kwa khanga.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Hosiana kutomjua mumewe. Daktari alikwisha kuwaambia kwamba siku hiyo ingekuja. Lakini Donatus aliamini, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo, kwamba ameileta yeye kwa spana zake.

Jumatatu alikuwa kwa Selestine kabla hajafungua duka.

"Ile giaboksi yangu. Ya gia nne."

Selestine akajikuna shingo. "Baba Mageni, ganda lake lilikuwa alumini safi. Walipita wale wafua sufuria, wakalinunua. Vyuma vya ndani viliondoka na lori la chakavu." Akaona uso wa mwenzake, akapunguza sauti. "Ulisema umemaliza nayo."

Donatus alitafuta nyingine Shinyanga mjini. Alitafuta Mwanza. Alipiga simu kwa mafundi aliosoma nao kazi, mmoja akamcheka: dunia nzima inaongeza gia, wewe unatafuta kupunguza? Magari ya aina ile yalikwisha kufa na kugawanywa zamani. Jumapili zikaja na kupita. Alijaribu kumpeleka Hosiana jineri wakae tu ndani ya gari, lakini akiliona alikunja uso, akasema ni gari la watu.

Kiswahili kilianza kumtoka, akabaki zaidi na Kisukuma cha utotoni. Donatus alikuwa Mzinza. Kisukuma chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei na kusalimia, na sasa mkewe alimsimulia mambo marefu ambayo yeye aliambulia nusu. Aliitikia kwa kichwa na kusema "ee" pale alipodhani panafaa.

Mvua zilikuwa zimekwisha alipopata habari kutoka Katoro. Kwenye machimbo fulani kulikuwa na winchi ya kupandishia mawe iliyotengenezwa kwa injini ya Corona ya zamani pamoja na giaboksi yake, aina moja na ile ya Celica. Donatus alikwenda. Akaikuta imefungwa juu ya magogo pembeni mwa shimo, imepakwa vumbi na grisi, inavuta kamba. Akaishika liva yake, akaisukuma kulia. Ikagonga.

Mwenye winchi aliitwa Mayala, mchimbaji wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Alikataa kabla hajasikia ombi lote. "Mzee wangu, hii ndiyo inatupandishia riziki. Ukiitoa, vijana wangu watapanda na mawe kichwani?"

"Nitakufungia nyingine nzuri kuliko hii. Ya gia tano. Nitaifunga mwenyewe."

"Na kwa nini mtu atoe nzuri achukue mbovu?"

Donatus akamweleza. Hakuwa mtu wa kusimulia, akasimulia vibaya, akianzia katikati na kurudi nyuma. Aliposema gari jekundu, Mayala alimkatiza.

"Mama wa vitenge? Yule mrefu?"

"Ndiye."

Mayala akakaa juu ya gunia la mawe. "Kitenge alichozikwa nacho mke wangu nilikinunua kwake," akasema. "Hakunipunja, na alikaa nami pale mpaka nikaweza kusimama." Akawaita vijana wake wazime injini.

Donatus alilala Katoro mpaka winchi ikafanya kazi kwa giaboksi ya Hilux. Kisha akarudi Kahama na ile kuukuu, akaifunga kwenye Celica. Alitoa bati sakafuni, akafungua tundu la zamani. Akatafuta propela ya urefu wa mwanzo. Alihakikisha hata springi ya liva imelegea kama ilivyokuwa. Alilijaribu nyuma ya jineri: kulia mpaka igonge, mbele. Lilikuwa gari lile lile.

Akamleta Hosiana. Wakati huo alikuwa amekonda na kitenge kilimzunguka mara mbili. Donatus alimkalisha kwenye kiti cha dereva, akamfunga mkanda, akaweka ufunguo, akawasha yeye mwenyewe kutoka pembeni. Injini ikanguruma taratibu. Hosiana alitazama mbele kwenye barabara, akatazama ndege waliokuwa juu ya paa la jineri.

"Endesha, mama," Donatus akasema.

Hakuelewa neno hilo. Donatus akauchukua mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya liva, akaufunika na wa kwake. Akangoja. Mkono wa mkewe ulikuwa na joto na haukuwa na kitu ndani yake. Baada ya kitambo Hosiana aliuchomoa taratibu, bila hasira, akaufuta kwenye kitenge chake, kama mwanamke anavyofanya akishikwa mkono kupita kiasi na mwanamume mgeni.

Donatus akazima injini. Walikaa pale mpaka jua likawa kali.

Mageni amekwisha kumwambia baba yake mara nyingi kwamba si kosa lake. Alimwambia tena mwaka huu, wakimenya viazi uani, Hosiana akiwa ameketi kivulini kwenye mkeka.

"Angesahau tu, baba. Hata usingeligusa lile gari, mkono nao ungesahau."

"Ungesahau, ndiyo."

"Basi?"

"Ungesahau wakati wake, mwanangu. Labda zilikuwa zimebaki Jumapili kumi, labda mbili. Zilikuwa za kwake. Mimi nilizichukua."

Mageni akachukua kiazi kingine.

Donatus bado ana gereji pale Nyasubi, na watu bado wanamletea giaboksi zao. Saa za mchana anafunga, ananawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka harufu ya oili iishe, kwa sababu siku hizi harufu hiyo inamtisha mkewe, na anakwenda nyumbani kumlisha uji. Hosiana hula vizuri akilishwa na yeye kuliko na mtu mwingine, ingawa hamjui ni nani. Kiswahili chake kimebaki maneno machache. Siku nyingine, anapoingia mlangoni na bakuli, mkewe huinua uso, akamwona mzee mwenye mvi amesimama mbele yake, akainamisha kichwa kwa heshima kama msichana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba."

Mara za mwanzo Donatus alinyamaza, kwa kuwa hakuna mume anayeamkiwa hivyo na mkewe. Lakini asipoitikia, Hosiana huhangaika, hufikiri amemkosea mkubwa, na uji haulambi. Kwa hiyo siku hizi anaweka bakuli chini, anakaa karibu naye kwenye mkeka, na anaitikia.

"Marahaba, mama. Hujambo?"